Maombi kwa Ajili ya Mwanamke Niliyembuni

Mume wangu alikuwa ameacha kuzungumza nami. Hatukugombana. Kama tungegombana ningejua pa kuanzia: ningeomba radhi, au ningesubiri niombwe radhi, na maisha yangeendelea. Lakini hapakuwa na ugomvi. Kila jioni alirudi kutoka kwenye mashine ya kusaga nafaka anakofanya kazi, unga umemjaa kwenye nyusi mpaka anafanana na marehemu babu yake. Alioga, akakaa mezani, akaiweka redio katikati ya sahani yake na yangu, akaifungulia mpaka vijiko vikatetemeka. Nikisema neno, "Mm." Nikiuliza swali, "Mm." Siku moja nilimwuliza kama angependa chai au maji. "Mm," akasema. Nikamletea vyote viwili, naye akanywa vyote viwili bila kuniangalia.

Binti zetu wameolewa, kila mmoja ana nyumba yake. Tulibaki sisi wawili na redio.

Niliomba. Mimi ni mtu wa maombi, na sioni aibu kulisema hilo. Kazi yangu ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Mashine yetu ya pasi ina roli kubwa la moto linalovuta shuka polepole, kwa hiyo mikono ikishashika pembe, mdomo unabaki huru. Wenzangu wameshanizoea. Wakiona midomo yangu inacheza huambiana, "Msimsumbue, yuko kwenye simu na Mkubwa." Basi kwenye simu hiyo nilisema: Bwana, kama kuna mwanamke mwingine, nionyeshe. Kama hakuna, nionyeshe pia, maana huku kutojua kunanimaliza.

Jibu halikuja. Lililokuja ni tangazo.

Mimi husoma masomo ya jioni na watu wazima wenzangu, na mwalimu wetu alikuwa amebandika karatasi mlangoni: warsha ya siku moja ya kuandika hadithi, Jumamosi, ukumbi wa juu wa maktaba, wote mnakaribishwa, hata kama hujawahi kuandika chochote. Nilisimama mbele ya karatasi ile mpaka wenzangu wakaondoka. Nyumbani maneno yangu yalikuwa hayana pa kwenda. Nikafikiri labda yangeenda kwenye karatasi.

Nikamwambia mume wangu, redio ikiwa inasoma bei za mazao, kwamba Jumamosi nitakuwa maktaba. "Mm," akasema. Nikahesabu hiyo kuwa ruhusa.

Sikwenda peke yangu. Rafiki yangu wa kikundi cha maombi, muuzaji wa duka la dawa, alisikia naye akataka. Sisi humwita Kengele, kwa sababu jambo likimgusa lazima alie, na akilia lazima mtaa mzima ujue. Hana roho mbaya hata kidogo. Ana haraka tu ya huruma.

Hapa sharti nieleze mnyororo wetu, maana bila huo hutaelewa kilichotokea. Katika kikundi chetu, mtu akiwa na shida hapigi kelele. Anamwambia mmoja, huyo anampigia simu wa pili, wa pili anampigia wa tatu, na wanaoombea wanaongezeka mpaka pete ya mwisho. Jina halitajwi. Tunasema "dada mmoja" au "ndugu mmoja", basi, Mungu mwenyewe anajua ni nani. Pete ya mwisho ni mume wangu. Yeye hapendi kumpigia mtu simu, kwa hiyo alipewa nafasi ambayo haimlazimu kumpigia yeyote. Pete iliyo kabla yake ni mimi.

Siku ya warsha, ukumbi wa maktaba ulikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa duara, feni inayogonga kila ikizunguka, na meza yenye chupa za chai. Mwendeshaji wa warsha alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alishaandika vitabu, na sote tulikuwa tukimwita Mwandishi kabla hata hajatuambia tumwiteje. Jambo la kwanza, alituomba tuzime simu. La pili, alituuliza kila mmoja amefuata nini.

Alianza mzee mmoja mnene, polisi mstaafu, aliyekaa wima kama yuko kwenye gwaride. "Nimekuja kuandika ukweli wote," alisema.

"Karibu, Afande," Mwandishi akamjibu. "Lakini leo tutaandika uongo."

Watu wakacheka. Mimi nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Mimi ni mtu wa maombi. Uongo siuandiki."

"Ni neno la utani tu, mama. Tuseme kubuni."

"Tofauti yake ni nini?"

Hakunicheka. Alivua miwani, akafikiri kidogo. "Mwongo anakuficha kwamba ametunga. Sisi tunakuambia mapema: kaa, hii ni hadithi. Ukishajua hivyo, nani amedanganywa?"

"Amina," akasema Kengele, na kiti kilichokuwa upande wa pili, cha kijana kinyozi aliyekuja na mashairi ya mapenzi mfukoni, kikatetemeka kwa kicheko.

Zoezi la kwanza tuliandika kuhusu mtu mwenye shida. Niliandika haraka, nikawa wa kwanza kumaliza. Mwandishi akaja nyuma yangu, akasoma, akaguna.

"Mama, shida yako imeingia na kutoka hata viatu haijavua. Mstari wa kwanza mtoto anaumwa, wa pili wanaomba, wa tatu amepona, na huku chini yote ni shukrani."

"Ndivyo tunavyotoa ushuhuda."

"Naona. Ni ushuhuda mzuri. Sasa niandikie jambo ambalo huwezi kulitolea ushuhuda kwa sababu bado halijaisha. Tumia 'mimi', lakini asiwe wewe. Na usilimalize. Mwache huyo mtu palepale penye shida."

"Nimwache bila Mungu?"

"Kwani Mungu hawezi kukaa naye palepale?"

Nikapiga moyo konde, nikainamia karatasi.

Nilimbuni mwanamke. Nilimpa kazi ya kupanga mikate kwenye kiwanda cha mikate, ili asifanane nami. Mumewe nilimpa kazi ya ulinzi wa ghala. Nikawapa nyumba yenye dirisha la bluu, ambalo mimi sina. Halafu walipoketi kula nilitaka kuweka kitu mezani, na mkono wangu ukaweka redio. Sikukusudia. Baada ya hapo kalamu ikaenda yenyewe. Mwanamke anasema, redio inajibu. Mwanamke ananyamaza, redio inaendelea kujibu. Asubuhi moja anafungasha begi dogo, analificha chini ya sinki, nyuma ya ndoo, na kila akiosha vyombo analigusa kwa mguu kuona kama lipo. Mstari wa mwisho niliandika: *Leo akiifungua redio, nitaondoka.* Nikaweka nukta, nikaweka kalamu chini.

"Nani atatusomea?" Mwandishi akauliza.

Nikasimama. Na hapa ndipo nilipofanya kosa, kosa la mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu kwa sababu moja tu. Nilijifunga kilemba vizuri, nikaweka mkono kifuani, nikasema kama ninavyosema siku zote kwenye kikundi, "Nawasalimu nyote, wapendwa. Nimesimama kuwaeleza yaliyonipata."

Kisha nikasoma.

Nilipofika mwisho niliinua kichwa. Kinyozi alisema "Duh," polepole. Afande alikuwa akiangalia viatu vyake. Kengele machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kidevuni, na hakuyafuta.

"Vizuri sana," Mwandishi akasema. "Umemwacha palepale." Akatuachia mapumziko ya chakula.

Wakati wa mapumziko nilimwona Kengele kwenye ngazi, simu sikioni, mkono mwingine umeziba mdomo. Nilidhani anapiga dukani. Mimi nilikaa na sahani yangu, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu chakula kilikuwa na ladha. Watu wasionijua walikuwa wamenisikiliza kutoka neno la kwanza hadi la mwisho. Hakuna aliyesema "Mm."

Nilipowasha simu yangu, ikalia papo hapo. Alikuwa dada wa kikundi, mshona nguo, pete iliyo kabla yangu kwenye mnyororo.

"Dada yangu, simu yako ilikuwa imezimwa?"

"Niko darasani. Kuna nini?"

"Kuna ombi zito. Dada mmoja amechoka na ndoa. Mume hasemi naye, ameweka redio mezani kama ukuta. Begi limeshafungashwa, lipo chini ya sinki. Anaondoka leo."

"Amina, nimelipokea," nikasema, na kweli moyo wangu ulikuwa umeshaanza kumwonea huruma yule dada, ndipo nikasikia nilichoambiwa. Nikashika ukuta. "Umesema redio?"

"Redio. Wanaume wengine wana mambo! Basi sikia, nilipokukosa hewani nilikuruka. Nimempigia baba watoto wako moja kwa moja, ombi lisikae. Ameitikia vizuri mno. Amesema anazima mashine apige magoti."

Nilimshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi. Nikaenda kumtafuta Kengele, nikamkuta anaosha uso bombani.

"Kengele! Umefanya nini?"

"Dada yangu," akanikumbatia, maji na machozi vyote vikaniingia begani, "kwa nini hukuniambia? Miaka yote hii tunaomba pamoja, unabeba mzigo huo peke yako?"

"Ilikuwa hadithi!"

Akaniachia. "Hadithi?"

"Ya kubuni! Mwalimu alisema tubuni!"

"Hadithi gani inaanza na 'nawasalimu nyote, wapendwa'? Ulishika kifua! Ulisema yaliyokupata!"

"Ni mazoea tu. Na mimi napanga mikate wapi? Umewahi kuniona na mkate?"

"Nilidhani umeficha hiyo sehemu kwa ajili ya heshima." Akaanza kupata hofu. "Lakini sikukutaja jina. Mnyororo hautaji jina. Nimesema dada mmoja."

"Na redio?"

"Redio si jina."

"Kengele, mume wangu ndiye pete ya mwisho!"

Aliweka mikono yote miwili kichwani. Nilimwacha pale bombani, nikarudi ukumbini. Nilichokuwa nimebakiza na mume wangu kilikuwa kidogo, lakini kilikuwepo: meza moja, kitanda kimoja, "Mm" yake. Sasa alikuwa amesikia kwa mdomo wa mtu baki kwamba mkewe amefungasha begi, na kwamba kikundi kizima kinamwombea. Mwanaume gani angekula mezani na mimi baada ya hapo?

Nikachukua karatasi zangu nizichane. Mwandishi alikuwa akifuta ubao. Aliona mikono yangu.

"Zichane kesho," akasema. "Leo niambie kwanza. Humo ndani kuna lililo kweli?"

"Redio."

"Na begi?"

"Begi sina." Nikakaa kitini. Mungu alikuwa akinisikia, ikabidi niongeze. "Sina begi, mwalimu. Lakini nilipokuwa naliandika nilijua kila kilichomo ndani yake."

Mwandishi alivuta kiti, akakaa karibu nami.

Warsha iliendelea. Kinyozi alisoma shairi lake na Afande akaisoma hadithi yake, iliyohusu mwizi wa kuku ambaye hakumkamata, na siku nyingine ningeicheka mpaka mbavu ziume. Nilikuwa nikiomba kimyakimya, bila maneno ya maana, nikirudia tu, Bwana, Bwana. Mlango ukafunguliwa.

Alikuwa amekuja na nguo za kazi. Unga ulikuwa kwenye nywele, kwenye mabega, kwenye viatu. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

"Karibu, mzee," Afande akasema akiinuka nusu. "Unamtafuta nani?"

Mume wangu hakumjibu. Hakumtazama hata. Aliangalia duara la viti, uso baada ya uso, mpaka akanifikia.

"Mama watoto!" akasema, kwa sauti kubwa kuliko ukumbi ulivyohitaji.

Kengele akajishusha kitini kama mtu anayetaka kupita chini ya meza.

Alikuja akasimama mbele yangu.

"Nimepigiwa simu," alisema. "Nikaambiwa nimwombee dada mmoja ambaye mumewe hasemi naye. Nikazima mashine, nikapiga magoti kwenye magunia. Nimemwombea sana yule mwanaume. Nikasema, Mungu, mpige kofi dogo, si kubwa, aamke." Akaigeuza kofia mkononi. "Nikafika mahali pa redio. Hapo nikaacha kuomba, nikatafuta kofia."

Kinyozi aliziba mdomo. Mimi sikuweza kucheka.

"Unaondoka?" mume wangu akauliza.

"Siondoki. Ni hadithi, baba. Nimetunga. Huyo ni mwanamke niliyembuni."

"Mm," akasema.

Mbele ya mwalimu, mbele ya Afande, mbele ya wote, nikapiga karatasi kwenye goti. "Usiniambie 'mm'! Leo nijibu kwa maneno! Niseme, unijibu!"

Alinitazama usoni. Halafu nikaona kitu ambacho nadhani kilikuwa mbele yangu siku nyingi. Hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akinitazama mdomoni.

Mwandishi akainuka taratibu. "Baba, karibu ukae. Ungependa kuisikia hiyo hadithi?"

"Nini?"

"Hadithi. Ungependa kuisikia?"

Akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye kiti alichopishwa na kinyozi, upande wangu wa kulia. Nikaisoma tena. Dirisha la bluu, mikate, redio, begi. Alikunja uso muda wote kama mtu anayetafuta kitu gizani. Nilipomaliza alipangusa unga kwenye goti na kuurudisha palepale.

"Huyo mwanaume," alisema hatimaye, "hajapewa hata sentensi moja."

"Kweli kabisa," Mwandishi akasema. Kisha akapaza sauti, akimwelekea. "Kweli kabisa, baba! Kama angepewa, angesema nini?"

"Mimi simjui vizuri."

Watu wakacheka kidogo, kwa upole. Naye akatabasamu kidogo, na hilo ndilo lililompa nguvu.

"Lakini nadhani," akaendelea, akiangalia kofia yake, "nadhani huyo mwanaume mashine imemla masikio. Lilianza la kushoto. Halafu na la kulia likaanza kumtoka. Kwenye simu anasikia, kwa sababu anaikandamiza sikioni. Lakini mtu akisema naye mezani, anaona mdomo unakwenda, anashika neno la mwisho, mengine yanamponyoka. Sasa atasema 'rudia' mara ngapi? Anaona aibu. Anasema 'mm', anatumaini imetosha."

Kwenye hadithi yangu mwanaume alikuwa mlinzi wa ghala, hana mashine yoyote. Hakuna aliyemsahihisha.

"Na redio?" nikauliza. Ilibidi nirudie, kwa nguvu. "Na redio?"

"Redio ikipiga kelele, hata mwenye masikio mazima haulizwi kwa nini hasikii."

Jioni zote zile zilipita mbele yangu moja moja, na kila moja ilikuwa imegeuka upande wa pili. Nilimtazama huyu mtu niliyezaa naye, niliyemfulia unga kwenye mashati miaka yote, aliyekuwa amejifungia peke yake ndani ya kelele kwa sababu ya aibu. Na mimi nafanya kazi hospitalini.

"Mkewe angempeleka kwa daktari," nikasema kwa nguvu. "Wapo wa masikio. Angempeleka hata kesho kutwa."

"Angejuaje? Hakuambiwa."

"Alifikiri kuna mwanamke mwingine."

"Nini?"

"Alifikiri kuna mwanamke mwingine."

"Sikusikia, mama."

"ALIFIKIRI KUNA MWANAMKE MWINGINE!"

Nadhani maktaba nzima ilisikia. Chini mtu aliangusha kitabu. Mume wangu alinikodolea macho, kisha mabega yakaanza kutikisika, kisha akaachia kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu harusi ya binti yetu mdogo. Unga ulimdondoka nyweleni.

"Mwanamke mwingine!" alisema akijifuta macho. "Angemsikiaje?"

Hapo ukumbi wote ulilipuka. Afande alicheka akiwa wima vilevile, kama amepewa amri. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, sikujua lipi limetangulia, na moyoni nikasema, Bwana, nilikuomba unionyeshe, asante, lakini haikuwa lazima unionyeshe mbele za watu.

Kengele alikuwa ameshainuka, simu mkononi, uso umemwiva. "Shemeji, nisamehe! Nawapigia sasa hivi. Nawaambia wote waache kuomba."

"Nini?"

"WAACHE KUOMBA!"

"Kwa nini waache?" mume wangu akasema. "Wameshapiga magoti. Waambie wabadilishe tu. Waombee masikio."

"Ya nani? Niseme ya nani?"

"Sema ndugu mmoja."

Kengele akatoka kwenda ngazini, na tukamsikia huko akieleza, na tukamsikia analia upya.

Muda ulikuwa umekwisha. Mlinzi wa maktaba alikuja kutukumbusha, akaanza kupanga viti juu ya viti huku akituangalia kwa pembe ya jicho. Mwandishi alitushukuru, akatuambia tusiache kuandika hata mstari mmoja kwa siku. Aliponipa mkono aliuliza kwa sauti ya chini, "Sasa utaimalizaje?"

"Sijui bado, mwalimu."

"Vizuri," akasema, na alikuwa na furaha kweli.

Nilikunja karatasi zangu niziweke kwenye mkoba. Mume wangu akanishika mkono. Hakuwa ameinuka.

"Ile hadithi," alisema. "Nimeshika nusu. Nilikuwa nakisia mengine." Akatazama chini, akatazama juu tena, akavuta pumzi kama mtu anayenyanyua gunia. "Rudia."

Sijawahi kuombwa jambo kubwa kuliko hilo. Nilimwomba mlinzi dakika chache, naye akaketi kwenye kiti alichotaka kukibeba. Nikahamishia kiti changu upande wake wa kulia, karibu kabisa, mpaka bega langu likachukua unga. Nikaanza kusoma mwanzo, polepole, kwa sauti ninayotumia kuwaita wenzangu mashine zote zikiwa zinanguruma. Pale alipokunja uso nilirudi mwanzo wa sentensi. Hakuna aliyetuharakisha. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, hatoki.

Nilipofika kwa mwanamke yule asubuhi, anafunga zipu ya begi lake, mume wangu aliweka kidole juu ya karatasi.

"Hapo," alisema, "yule mlinzi wa ghala aseme kitu."

"Aseme nini?"

Alifikiri. Nilimwona anatafuta, mdomo unafunguka na kujifunga.

"Aseme, nisubiri."

Nikaazima kalamu ya kinyozi, nikaandika neno hilo pembeni mwa karatasi, palepale alipoweka kidole. Kisha nikaendelea kumsomea.